Benki Ilitoka Kijijini, Ikarudi Ndani ya Simu

Somo kwa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet



Somo letu la safari hii ni juu ya benki. Mtu anaweza kuuliza, "Sisi tunachanga mia mbili mia mbili kwa wiki, mambo ya mabenki yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Pesa za majani chai hupitia benki au SACCO kabla hazijafika mkononi mwetu. Karo hulipwa kwa benki. Na siku hizi mama anayeuza maziwa anaweza kukopa usiku akiwa kitandani, bila kuonana na karani yeyote. Mambo haya hayakutokea yenyewe. Yaliletwa na vitu viwili: kulegezwa kwa masharti ya uchumi, na ufundi wa kompyuta na simu ya mkono. Vyote viwili vimetusaidia, na vyote viwili vimetuumiza. Kikundi kisichojua vilivyofanya kazi kitaendelea kulipa bila kujua kinalipia nini.

Lengo la somo

Tukimaliza somo hili, kila mwanachama aweze kufanya mambo matatu:

(a) kueleza kwa nini mabenki yalimwacha mkulima mdogo, na kwa nini yalimrudia;
(b) kupiga hesabu ya bei ya mkopo kwa shilingi, si kwa maneno matamu;
(c) kutaja ni nani anashika ufunguo wa pesa za kikundi.

Vitu vya kuandaa: daftari la kikundi, kalamu, simu moja ya kupigia hesabu, na karatasi ya malipo ya chai ya mmoja wenu aliye tayari kuionyesha. Tunashauri somo ligawanywe mikutano miwili. Sehemu ya 1 mpaka ya 4 zisomwe siku ya kwanza. Zilizobaki zisomwe siku ya pili, maana zina hesabu.

1. Benki ya zamani

Wazee wetu wanakumbuka. Mpaka miaka ya 1980 mabenki yenye matawi mengi yalikuwa machache: Kenya Commercial Bank, Barclays, Standard, National Bank, na Benki ya Ushirika iliyoanza kazi mwaka 1968 kwa ajili ya vyama vya ushirika. Kwa mwenye akiba ndogo kulikuwa na benki ya Posta na kile kitabu chake. Benki Kuu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1966, ndiyo iliyopanga riba. Iliweka kiwango cha juu ambacho benki ingeweza kumtoza mkopaji. Pesa za kigeni nazo zilikuwa chini ya serikali. Mtu hakuweza kununua dola kama anavyonunua sukari.

Benki ile ilikuwa ya polepole. Siku ya malipo ya chai ungepanda gari asubuhi kwenda mjini, ushinde kwenye laini, karani afungue jitabu kubwa atafute jina lako, aandike kwa mkono, apige muhuri, na jua linazama. Kupata mkopo kulitaka hati ya shamba. Kwa kuwa hati nyingi zilikuwa kwa jina la mzee wa boma, akina mama waliochuna chai ile ile walikuwa nje kabisa.

Lakini tuseme pia uzuri wake. Bei ya mkopo ilijulikana. Na pesa za kikundi hazikutoka bila watu watatu kwenda wenyewe, kila mmoja na kitambulisho chake, na kutia sahihi mbele ya karani. Ule upole wa benki ulikuwa kama ua wa boma: unakuchelewesha wewe, lakini unamchelewesha na mwizi.

2. Masharti yalipolegezwa

Mwaka 1991, mwezi wa Julai, riba iliachiliwa huru. Kutoka hapo kila benki ingejipangia bei yake, kama mwenye duka. Oktoba 1993 shilingi nayo ikaachiliwa itafute bei yake sokoni, na Desemba 1995 sheria ya zamani iliyozuia pesa za kigeni ikafutwa. Serikali ilifanya hivyo kwa sababu uchumi ulikuwa umebanwa, na kwa sababu wafadhili wa nje walikuwa wanashikilia mikopo mpaka masharti yalegezwe. Hoja yao ilikuwa kwamba mabenki yakishindana, mwananchi atahudumiwa vizuri zaidi na kwa bei nafuu.

Je, ilikuwa hivyo? Mwanzoni, hapana. Tuangalie mwaka 1993. Bei za vitu zilipanda kwa karibu asilimia 46 kwa mwaka ule mmoja. Serikali, ili ivute pesa nyingi zilizokuwa zimemwagika mikononi mwa watu, iliuza hati zake za mkopo za siku 91 kwa riba iliyopita asilimia 80 kwa mwaka. Sasa jiweke wewe katika kiti cha meneja wa benki. Serikali inakupa zaidi ya shilingi 80 kwa kila 100, na hutembei hata hatua moja. Utamtafuta mkulima wa ekari moja kule Konoin kwa nini?

Shilingi ilipoanguka, dola moja iliyokuwa kama shilingi 36 mwisho wa 1992 ilikaribia 68 mwisho wa 1993. Hapa mkulima wa chai alipata na akapoteza. Chai yetu huuzwa mnada wa Mombasa kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda, shilingi zinazorudi kiwandani huongezeka. Lakini mbolea, mafuta ya gari na vipuri vya kiwanda hutoka nje, navyo vikapanda. Kile mkono wa kulia ulipokea, mkono wa kushoto ulitoa.

Halafu mabenki yakaanza kuanguka. Mengine yalikuwa yamefungwa tangu miaka ya 1980, mengine yakafungwa 1993, na mwaka 1998 peke yake matano yalifungwa, Trust Bank ikiwa moja wao. Watu wakajifunza kwa uchungu kwamba jengo la vioo si dhamana.

Na mwisho wa miaka ya 1990 likaja lile lililotugusa sisi moja kwa moja. Mabenki makubwa yalifunga matawi mengi ya miji midogo na kupandisha kiwango cha chini cha pesa ambacho mtu lazima aache katika akaunti. Mwenye akaunti ya shilingi elfu mbili akaambiwa, kwa heshima, aende kwingine. Hakuna aliyetunga sheria ya kumfukuza mkulima. Benki ilipiga hesabu tu: tawi lina mishahara, askari, gari la pesa na taa, na akaunti ndogo hazilipi gharama hizo. Uhuru wa soko ulimpa mteja ruhusa ya kuchagua benki, lakini ulianza kwa kuipa benki ruhusa ya kuchagua mteja.

3. Waliobaki nasi

Mabenki yalipotoka, nani alibaki? Vyama vyetu vya akiba na mikopo, yaani SACCO. Katika mji wa Kericho wengi wanazijua Ndege Chai, iliyotokana na wafanyakazi wa mashamba ya chai, na Imarisha, iliyoanza kama SACCO ya walimu wa Kipsigis. SACCO nyingi zilifungua dirisha la kutoa na kuweka pesa kama benki, na mkulima akawa anapokea malipo ya chai hapo hapo karibu.

Lakini ushirika nao ulilegezwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliondoa mkono wa serikali katika shughuli nyingi za vyama. Hilo lilikuwa jambo jema kwa wanachama walio macho. Pale walipolala, viongozi wengine walijigawia. Ndiyo sababu sheria ilirekebishwa mwaka 2004, na mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya SACCO iliyoleta msimamizi anayeitwa SASRA. Tangu hapo SACCO inayopokea na kutoa pesa kama benki lazima iwe na leseni.

Jambo la pili ni hili. Kule Kangema, Murang'a, kulikuwa na chama kidogo cha mikopo ya nyumba kilichoanza mwaka 1984, Equity Building Society. Mwaka 1993 kilikuwa kimekaribia kufa. Zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. Kikaamua kuwafuata wale ambao mabenki makubwa yaliwaacha, wakulima na wachuuzi wadogo. Mwaka 2000 kikaingiza kompyuta, kikapeleka magari yenye huduma ya benki mpaka sokoni, na mwisho wa 2004 kikawa benki kamili. Walipoona faida iko huku chini, mabenki mengine yakageuka na kurudi.

Kwa hiyo tusiseme tu kwamba soko huria lilitutupa. Mlango ule ule walioutumia wakubwa kutoka ndio mdogo alioingilia. Kumbe shilingi ndogo ndogo za watu wengi ni mali, kama mtu akipata njia ya kuzihesabu kwa gharama ndogo. Njia hiyo ilikuwa kompyuta, na baadaye simu.

4. Simu ya mkono

Mashine za kutoa pesa, zile ATM, zilianza kuonekana Kenya mwaka 1989. Zilisaidia watu wa miji. Sisi wa milimani bado tulihitaji nauli kuzifikia. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 6 Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilipoanzisha M-Pesa. Mwanzoni ilikuwa ni kutuma pesa tu. Kijana aliye Nairobi aliyekuwa akimpa dereva wa matatu bahasha ya kumpelekea mama yake, sasa alituma kwa simu na mama akachukua pesa dukani.

Mwaka 2010 Benki Kuu iliruhusu mabenki kutumia mawakala, yaani wenye maduka kupokea na kutoa pesa kwa niaba ya benki. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambayo mtu anaweka akiba na kukopa kwa simu, na mwaka 2015 KCB ikaanzisha yake. Kwa uchunguzi unaofanywa nchini juu ya huduma za fedha, mwaka 2006 watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Hayo si maendeleo madogo.

Kwa nini simu inaweza kumkopesha mtu ambaye benki ilimkataa? Kwa sababu haiulizi hati ya shamba. Inaangalia nyayo zako: unapokea ngapi, unatuma ngapi, unaweka ngapi, na mkopo wa kwanza ulirudisha lini. Kwa mama asiye na hati, hii ni nafasi ambayo hakuwa nayo kamwe. Tuishukuru. Halafu tuulize bei.

Hapa ndipo mwisho wa mkutano wa kwanza. Mkimaliza, mzee mmoja na kijana mmoja waeleze kikundi: mzee, jinsi alivyopokea pesa za chai miaka ya 1980, kijana, jinsi anavyopokea sasa. Wengine waandike kilichopungua na kilichoongezeka.

5. Bei ya mkopo

Zamani Benki Kuu ilikupigia hesabu. Siku hizi ni lazima ujipigie mwenyewe. Tuchukue mkopo wa shilingi 10,000 na tuone njia nne. Katibu aandike kila hesabu ubaoni au kwenye daftari.

Njia ya kwanza: SACCO inatoza asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, na unalipa kwa miezi 12. Salio linalopungua maana yake ni kwamba kila ukilipa, riba inahesabiwa kwa deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 100, halafu inashuka mpaka mwezi wa mwisho. Jumla ya riba kwa mwaka mzima: shilingi 650.

Njia ya pili: mkopo wa simu. M-Shwari ilipoanza ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa elfu kumi, hiyo ni shilingi 750. Wengi husema, "Saba na nusu ni kidogo." Lakini ni ya mwezi mmoja! Riba ya mwaka mzima ya SACCO hapo juu ni 650. Simu imekula 750 kwa siku 30. Ukirudia kukopa kila mwezi kwa mwaka, utakuwa umelipa shilingi 9,000 kwa kutembea na elfu kumi ile ile.

Njia ya tatu: mkopeshaji anakwambia, "Kwetu ni asilimia 10 tu kwa mwaka," lakini anahesabu riba kwa mkopo wote, mwanzo mpaka mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Riba ni shilingi 1,000. Mwingine anasema, "Kwetu ni asilimia 18 kwa mwaka, salio linalopungua." Riba yake kwa miezi 12 ni shilingi 975. Mmeona? Kumi imekuwa ghali kuliko kumi na nane. Swali la kuuliza si "Asilimia ngapi?" Uliza, "Nikikopa elfu kumi leo, mpaka siku ya mwisho nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi, pamoja na ada zote?" Anayekataa kujibu swali hilo, muage.

Njia ya nne ni ile ya mezani kwetu wenyewe. Vikundi vingi vya kukopeshana mezani hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Kwa elfu kumi ni shilingi 1,000 kila mwezi, na mwaka mzima ni 12,000. Hiyo ni zaidi ya simu. Watu hujibu, "Si pesa ni zetu, zinarudi kwetu mwisho wa mwaka?" Ni kweli zinarudi. Lakini zinarudi kwa nani?

Chukulia kikundi cha wanachama 20. Mjane mmoja ana deni la shilingi 5,000 ambalo hakuweza kulimaliza mwaka mzima. Kila mwezi analipa riba ya 500. Kwa mwaka ni 6,000. Mwisho wa mwaka riba yote iliyokusanywa ni 60,000, na inagawanywa sawa: kila mtu 3,000. Mjane ametoa 6,000 amepokea 3,000. Jirani yake mwenye duka hakukopa hata siku moja. Ametoa sufuri, amepokea 3,000. Basi aliye na shida amemlipa asiye na shida, na wote wamepiga makofi siku ya mgao.

Hatusemi vikundi viache kutoza riba. Pesa ikikaa bure haitunzwi vizuri. Tunasema kikundi kiketi na kuamua. Vyaweza kupunguza riba mpaka asilimia 2 au 3 kwa mwezi. Vyaweza kutenga mfuko mdogo wa dharura usio na riba kwa ugonjwa na matanga. Vyaweza pia kugawa sehemu ya riba kwa kufuata aliyeilipa. Kikundi cha kujisaidia kisigeuke kuwa mkopeshaji ghali kuliko wote katika kokwet.

6. Kukopa bonasi ikiwa bado shambani

Mkulima wa chai hulipwa kila mwezi sehemu ya pesa zake, halafu baada ya hesabu za mwaka hupokea yale malipo ya pili tunayoyaita bonasi. Mabenki, SACCO na wakopeshaji wengine wanajua kalenda hii kutuzidi. Ikifika miezi ya katikati ya mwaka, karo inadaiwa na pesa hakuna, ndipo mkopo wa bonasi unapobisha hodi.

Hatari yake ni hii: deni linajulikana, lakini bonasi haijulikani. Bonasi hutegemea bei ya mnada wa Mombasa, thamani ya dola, na gharama za kiwanda chako. Mwenye majani Kapkoros hatapata sawa na mwenye majani Mogogosiek au Litein, na mwaka huu hautafanana na uliopita.

Tupige hesabu. Mkulima anatarajia bonasi ya 60,000. Mwezi wa Mei anakopa 40,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi, alipe Oktoba. Miezi mitano, riba ni 10,000. Deni ni 50,000. Bonasi ikitangazwa inakuja 35,000. Yote inaenda, na bado anadaiwa 15,000. Ili ailipe, anakopa kwa simu. Halafu Januari karo imefika tena. Hivyo ndivyo boma linavyoingia katika shimo bila mtu kunywa wala kucheza kamari.

Tunashauri kanuni moja nyepesi: angalia bonasi zako tatu za mwisho, chukua iliyo ndogo kabisa, uigawe mara mbili. Usikope kupita hapo. Na mume na mke wakae chini pamoja kabla ya kutia sahihi, kwa sababu majani yale yalichunwa na mikono yote.

7. Ufunguo wa pesa za kikundi

Tulisema kitabu cha benki kilitaka sahihi tatu. Leo vikundi vingi huweka pesa katika simu ya mwekahazina. Simu inataka namba moja ya siri. Ufundi umeondoa laini ya benki, na pamoja nayo umeondoa wale mashahidi wawili. Mwekahazina anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini simu ikapotea, au mtoto akaijua namba, au tapeli akampigia akijifanya wa kampuni ya simu na kumwomba namba ya siri. Pesa za watu ishirini zinaondoka kwa dakika moja, na mtu mwaminifu anabaki na jina baya maisha yake yote. Kumlinda mwekahazina ni sehemu ya kulinda pesa.

Kwa hiyo:

(a) Pesa za kikundi zisikae katika laini ya mtu binafsi kupita siku ya mkutano. Ziende kwenye akaunti ya kikundi, benki au SACCO.

(b) Akaunti iwe ya watu watatu. Ulizeni benki kama kutoa pesa kwa simu kunaweza kutaka idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kama haiwezekani, huduma ya kutoa kwa simu ifungwe, ibaki ya kuweka na kuangalia salio tu.

(c) Kila mkutano, salio lisomwe kwa sauti kutoka kwa ujumbe wa benki, na lilinganishwe na daftari. Simu haifuti haja ya daftari. Simu ikiharibika, daftari ndilo litakalosema.

(d) Mkiweka pesa kwa wakala, dai risiti au ujumbe kabla hujaondoka dukani. Na mjue kwamba wakala wa benki haruhusiwi kumtoza mteja ada yake mwenyewe juu ya ile ya benki.

(e) Namba ya siri haiombwi na benki, wala kampuni ya simu, wala mtu yeyote. Anayeiomba ni mwizi.

8. Sheria inatulinda wapi?

Tangu 1985 sheria iliweka mfuko wa kulinda wenye akiba benki inapoanguka. Kwa miaka mingi kila mtu alihakikishiwa shilingi 100,000 tu. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na shirika la KDIC, na tangu Julai 2020 kiwango ni shilingi 500,000 kwa mtu katika kila benki. Ulinzi huo ni wa mabenki na benki za mikopo midogo. SACCO hazimo, kwa hiyo ulinzi wenu wa kwanza huko ni kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza maswali. SASRA hutangaza kila mwaka orodha ya SACCO zenye leseni. Angalieni kama yenu imo.

Jambo la pili wengi hawalijui. Tangu mwaka 2007 kuna sheria kwamba mkopo wa benki ukishashindikana kulipwa, riba inayoongezeka kutoka hapo haiwezi kupita deni lenyewe lililokuwepo siku ile. Kama ulikuwa unadaiwa 30,000, riba ikifika 30,000 nyingine lazima isimame. Mtu akiletewa hesabu ya 200,000, aombe maelezo kwa maandishi kabla ya kuuza ng'ombe.

La tatu: kuna ofisi za kumbukumbu za mikopo, watu huziita CRB. Jina lako likiandikwa huko kwa kutolipa, benki nyingine zitaliona. Una haki ya kupata taarifa yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Wakopeshaji wa simu nao, baada ya sheria ya 2021, wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Wale waliokuwa wakiwapigia jamaa za mkopaji kumtukana hawana ruhusa ya kufanya hivyo.

Bunge liliwahi kujaribu kuweka tena kikomo cha riba, kuanzia Septemba 2016 mpaka Novemba 2019. Riba ilishuka, lakini mabenki yakapunguza kuwakopesha wadogo, na wengi wakakimbilia mikopo ya simu iliyo ghali zaidi. Funzo ni kwamba sheria husaidia, lakini haitapiga hesabu badala yako.

Na wapo wale wa "Weka elfu tano, chukua elfu kumi mwezi ujao." Karibu na mwaka 2006 na 2007 Wakenya zaidi ya 148,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 kwa michezo ya namna hiyo, na wengi waliingia kupitia vikundi na makanisa. Mtu kuja na Biblia mkononi si leseni.

Maswali ya majadiliano

1. Wakati benki ilikuwa mbali, tulipoteza nini? Sasa ikiwa mfukoni, tunapoteza nini?
2. Katika kikundi chetu, ni nani anayekopa zaidi? Ni nani anayefaidika zaidi na mgao? Je, tumeridhika?
3. Mwekahazina wetu akiugua leo usiku, nani mwingine anaweza kufikia pesa za kikundi? Na je, kuna mtu anayeweza kuzifikia akiwa peke yake?
4. Je, akina mama wa kikundi hiki huona karatasi ya malipo ya chai ya nyumbani kwao?

Kazi kabla ya mkutano ujao

Kila mwanachama aandike mikopo yake yote kwa karatasi ya siri: ya simu, ya SACCO, ya duka, ya kikundi. Mbele ya kila mkopo aandike shilingi atakazorudisha kwa jumla. Hatakiwi kumwonyesha mtu. Aangalie tu ni upi ulio ghali kuliko yote, na aanze kuulipa huo.

Halafu kikundi kichague watu wawili, mmoja wao akiwa mama, waende kwa benki mbili na SACCO moja waulize lile swali letu: "Tukikopa elfu kumi leo, tutarudisha shilingi ngapi?" Majibu yaandikwe katika daftari, na tarehe. Kikundi chenye karatasi hiyo mkononi kinaweza kuingia benki yoyote kikizungumza kama mteja, si kama mwombaji.